Kabla hujauchimba mji wako: kwa wadogo zangu mnaoanza kuandika fantasia

Kila Jumamosi alasiri hapa Kisumu hunijia vijana watatu wanne na daftari zao, na mwaka huu karibu kila daftari lina mji ulio chini ya ardhi. Kuna mfalme katili, kuna wasimamizi wenye mijeledi, kuna watumwa wasio na majina wanaochimba jiwe linalong'aa. Nawaelewa. Mimi pia nimeandika mji kama huo, unaitwa Lindini, na umenila miaka sita. Haya ninayowaambia niliyajua nikiwa nimeshaandika sura kumi na moja, na zote nikazitupa.

Sura zile zilijaa mijeledi. Aliyezivunja ni mama yangu. Mama alitulea kwa mawe ya Ikolomani, kule Kakamega: anaketi juani na nyundo, anaponda mawe yaliyotoka shimoni, kisha anaosha unga wake kwenye karai akitafuta dhahabu. Nilimsomea sura ya kwanza yote. Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza, "Mwanangu, hao watu wako wanakula nini, na anayewakopesha ni nani?"

Sikuwa na jibu. Anzieni hapo.

Kwenye shimo nililokua nikiliona, hakuna mtu aliyefungwa mnyororo. Vijana walichimba wiki nyingi kwenye mwamba mtupu kabla ya kufikia mawe yenye dhahabu, na siku zote hizo kuna mtu aliwalisha. Unga, sukuma wiki, kamba, magogo ya kuzuia kuta, mafuta ya pampu, vyote viliandikwa daftarini. Mawe yalipotoka yaligawanywa kwa magunia. Mwenye shamba alichukua yake, mwenye shimo yake, yakatolewa ya kufidia gharama, na yaliyobaki ndiyo wachimbaji waligawana. Bado hapo mwenye mashine ya kusaga anangoja, na baada yake broka, ambaye mizani ni yake na bei anaitaja yeye. Kijana alikwenda nyumbani na kidogo, na kidogo hicho kilikuwa na mwenyewe dukani. Asubuhi alirudi shimoni bila kusukumwa na mtu.

Kwa hiyo kabla ya kuandika mstari mmoja wa hadithi, andika ukurasa mmoja wa daftari la deni la mfanyakazi mmoja wa mji wako. Jina lake, alichokopa, siku aliyokopa, bei aliyoandikiwa. Huo ukurasa utakuonyesha utawala wa mji kuliko sura nzima ya mfalme akiwa kitini.

Baada ya daftari, andika sheria. Hapa kwetu Magharibi tuna mfano ambao kila mwandishi wa mambo haya angeujua kwa moyo. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilitunga sheria iliyoahidi kwamba ardhi za hifadhi ya Waafrika zingebaki zao milele. Mwaka 1931 dhahabu ikaonekana Kakamega, Wazungu wakamiminika na sururu zao. Desemba 1932 sheria ile ile ikarekebishwa, ardhi ikaweza kuchukuliwa kwa ajili ya madini bila mwenyewe kupewa ardhi nyingine badala yake. Milele ilidumu miaka miwili. Ongeza kodi iliyodaiwa kwa pesa taslimu, ongeza kipande, yaani kitambulisho cha mfanyakazi Mwafrika, kilichoning'inizwa shingoni ndani ya kikebe cha chuma, na utaelewa kijana aliyeshuka kwenye mgodi wa dhahabu wa Rosterman, hapo Kakamega, alishushwa na nini. Mgodi ule ulifungwa 1952, na hadi leo watu wanachimba kuuzunguka.

Kwingineko nako kuna mifano ya kukufungua macho. Huko Potosí, kwenye mlima wa madini ya fedha ulioko Bolivia ya leo, Wahispania wa miaka ya 1570 walipanga zamu: vijiji vya mbali vililazimika kutoa mwanamume mmoja katika kila saba kwenda kuchimba. Scotland, sheria ya 1606 iliwafunga wachimba makaa kwa mwenye mgodi, na hawakuwa huru kabisa mpaka 1799. Mtoto aliweza kufungwa siku ya ubatizo, baba yake akipokea zawadi ndogo kutoka kwa mwenye mgodi. Niliposoma hilo la ubatizo nilifunga kitabu nikatoka nje kutembea. Hakuna zimwi nililowahi kubuni lililonitisha namna hiyo.

Sasa shimo lenyewe. Msiliandike kama chumba chenye giza tu. Shimo lina mahitaji kama mgonjwa, na anayeyashika mahitaji hayo ndiye bwana wa mji.

Maji kwanza. Kakamega mvua ya Aprili na Mei haina mchezo, na shimo lisilotolewa maji siku mbili hugeuka kisima. Aliye na pampu ndiye anayeamua nani ale mwezi huo. Halafu hewa. Wapo vijana waliokufa kwa sababu pampu ya petroli iliteremshwa ndani ili ivute maji karibu. Injini ile hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu husikia uzito wa kichwa, magoti yanalegea, anakaa chini apumzike kidogo. Rafiki anashuka kumtoa naye anakaa. Ukitaka kuandika kifo cha chini ya ardhi, jua kwamba mara nyingi hakina kelele, na kwamba wa pili na wa tatu hufa kwa upendo.

Mbao zina sauti. Gogo linalobeba paa hulia kabla halijavunjika, na mchimbaji mzoefu husikia mlio huo akiwa katikati ya mazungumzo, ananyamaza, mkono juu, wote wananyamaza. Tukio hilo la pumzi tatu lina hofu kuliko mporomoko wenyewe. Na mawe yanayotolewa yanakwenda wapi? Tani nzima ya mwamba huweza kutoa gramu chache tu za dhahabu, kwa hiyo mji wowote wa wachimbaji una mlima wake wa mabaki. Amua nani anaishi juu ya mlima huo na nani chini yake wakati wa mvua, na ramani ya mji itajichora. Mwanga mnaujua wenyewe, sitakaa hapo.

Uchawi wenu nao uwe na moshi. Nasema hivi kwa sababu ya zebaki. Wanaosafisha dhahabu huchanganya unga wa mawe na zebaki kwa mikono mitupu, dhahabu inashikana nayo, wanakamua kwa kitambaa, kisha wanachoma donge lile juu ya jiko. Zebaki inapaa, dhahabu inabaki. Mvuke ule huingia mwilini na kuharibu mishipa ya fahamu, na mara nyingi aliye karibu na jiko ni mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Jiwe lenu la ajabu likiwa na nguvu, nguvu hiyo ipikwe mahali, na muandike ni nani anayevuta moshi wake.

Jambo la viumbe. Karibu kila daftari ninaloletewa lina vibeti wenye ndevu na mashoka, waliokuja kutoka hadithi za mbali. Pandeni Mlima Elgon kwanza. Kwenye pango la Kitum tembo huingia gizani usiku, wanapapasa njia kwa mikonga, wanachonga ukuta kwa pembe zao ili wale chumvi iliyo kwenye mwamba, na kuta zina mikwaruzo ya kazi hiyo ya vizazi na vizazi. Mapango mengine ya mlima ule watu waliishi ndani pamoja na ng'ombe wao. Kijana wa hapa akiandika wachimbaji wenye mikonga wanaofuata chumvi gizani, nitakuwa msomaji wake wa kwanza.

Kuhusu wanaonyanyaswa, nawaomba kwa dhati: wapeni ufundi. Mchimbaji hujua kusoma mwamba, hujua mshipa wa dhahabu unakopinda, huonja vumbi kwa ulimi. Wana utani mkali, wana nyimbo, wana wivu, wana mmoja anayeficha kijiwe shavuni na mwingine anayejua na hasemi. Kukataa kwao huanzia humo, kwenye kazi inayopunguzwa mwendo na gunia linalopungua uzito njiani. Mkileta shujaa kutoka juu aje kuwakomboa, mtakuwa mmewanyang'anya na hicho walichobaki nacho.

Na ukatili wenyewe mwandike kwa kiasi. Nilikuwa darasa la tatu shimo moja lilipoporomoka karibu na kwetu. Sikuona mwili wowote. Nilichoona ni wanawake mdomoni mwa shimo, wamekaa chini, miguu imenyooshwa, na mmoja wao anahesabu ndala zilizoachwa pembeni na waliokuwa wameshuka. Anahesabu, anasahau, anaanza tena. Na nyuma yao sufuria kubwa ya ugali inasongwa, kwa sababu wanaochimbua nao lazima wale. Niliandika kurasa arobaini za damu kwenye Lindini kabla ya kukumbuka zile ndala. Kurasa zile hazipo tena, ndala zipo.

Lindini ya sasa haianzi na mfalme. Inaanza na msichana wa miaka minane anayeketi gizani, nyuma ya mlango wa mbao, ameshika kamba. Kazi yake ni kufungua mlango mkokoteni ukija na kuufunga ukishapita, ili hewa isipotee njia. Sikumbuni mwenyewe: watoto wa namna hiyo walikuwa kwenye migodi ya makaa ya Uingereza, mpaka sheria ya 1842 ilipowaondoa chini ya ardhi wanawake na wasichana, pamoja na wavulana wasiotimiza miaka kumi. Nilimpa msichana wangu deni alilorithi kwa nyanya yake, nikampa na wimbo wa kuhesabia mikokoteni.

Sura hiyo nilimsomea mama mwezi wa Desemba, tukiwa jikoni. Alisikiliza hadi mwisho, akageuza sufuria, akauliza, "Na akiwa mle ndani, nani humwambia jua limetua?"

Nimeanza sura ya pili.