Uvimbe kwenye ovari: kabla hujasaini, uliza ndani mna nini

Binti mmoja wa Wete kaniandikia juzi usiku. Altrasaundi imeonesha uvimbe wa sentimita 6 kwenye ovari ya kulia, yaani kifuko cha mayai ya uzazi, kaambiwa ovari nzima itolewe, na hajaolewa. "Dada, nifanye nini?" Nimeisoma nikalia, maana maneno hayo hayo niliambiwa mimi.

Daktari aliyenipokea, hospitali siitaji, hakuniangalia hata usoni. Alinisogezea fomu ya ridhaa na kalamu. Kipimo cha damu cha CA-125, kile kinachotumika kushuku saratani ya ovari, kilikuwa kimepanda kidogo, basi nyumbani ikawa msiba. Wengine wakasema chango, wengine wakasema huyu hazai tena. Yananiuma mpaka leo. Hakuna aliyetueleza kwamba CA-125 hupanda pia kwa endometriosisi, ugonjwa wa tishu kama ya ndani ya mji wa mimba kuota nje yake, hata kwa hedhi tu.

Bibi daktari mmoja mtu mzima ndiye aliyeniambia, "Mwanangu, kapige MRI kwanza," yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku. Nikapanda boti kwenda Dar es Salaam. Mlangoni mwa chumba cha mashine nikavuliwa pini zote za ushungi, maana ile ni sumaku kubwa, mionzi haina. Unalala kimya, nayo inagonga utadhani mafundi wako juu ya bati.

Daktari wa picha akanionesha kwenye kompyuta. Picha ya kwanza, uvimbe mweupe unang'aa. Ya pili, iliyopigwa kwa namna ya kuzima mafuta, pale pale pameingia giza. Kumbe ndani mna mafuta: ni dermoidi, uvimbe ambao kwa kawaida si saratani. Ingekuwa damu ya zamani ya endometriosisi, weupe ungebaki. Wakapima figo, wakanidunga gadolini, dawa ya kung'arisha picha, haikuonekana ndani ya uvimbe nyama yoyote iliyoshika dawa. Alama ya O-RADS, ambayo madaktari hukadiria kwayo hatari ya saratani kwenye uvimbe wa ovari, ikawa 2, yaani uwezekano wa saratani haufiki nusu ya asilimia moja. Nikatolewa uvimbe peke yake. Ovari yangu ninayo, alhamdulillahi, na waliosema wameishiwa na maneno.

Kwa hiyo mdogo wangu, usisaini kabla hujauliza ndani mna nini. Ni maji, damu, mafuta au nyama? Uliza, na wakikukunjia uso uliza tena. Si kila uvimbe wa kupigiwa MRI: kifuko cha maji matupu kwa msichana mara nyingi hunywea chenyewe baada ya hedhi mbili tatu, na altrasaundi ya kurudia inatosha. MRI ni ya ule ambao altrasaundi imeshindwa kuusema.

Wazazi nanyi, fedha za kipimo zitafuteni kabla ya fedha za mganga. Mwili wa binti ni amana, na anayetaka kuukata aeleze kwanza anakata nini na kwa nini. Mnaona haya kuuliza habari za kizazi mbele ya daktari, halafu mnazisema barazani!

Ila ukishikwa na maumivu makali ya ghafla upande mmoja, huku unatapika, MRI usiingoje. Huenda ovari imejisokota. Nenda hospitali usiku huo huo.