Maswali ya wasomaji: mshipi wa Kivu kwenye maji ya chumvi

*Jambo sana bakubwa wa gazeti. Ninavua tilapia kwa mshipi wa mkono hapa Nguba. Mwezi wa 11 ninakwenda kwa shemeji Unguja, pwani ya mashariki, wiki tatu. Vyombo vyangu vitafaa? Na huko watu wanavua saa ngapi?* — Msomaji wa Ibanda, Bukavu

Mwezi umeuchagua vizuri, ndugu yetu. Novemba ni tanga mbili: upepo wa kusi umekwisha, ule wa kaskazi haujashika, bahari imelala. Desemba upepo utarudi.

Tuanze na saa. Kwenye Kivu wenye kuvua sambaza, samaki wadogo kama dagaa, wanakwepa mbalamwezi, maana mwezi ukiwa mpevu taa zao hazivuti samaki. Baharini mwezi una kazi nyingine: unavuta maji. Yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa dakika 50 hivi. Kwa hiyo saa ya jana si ya leo. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, na maji hupanda karibu mita 4. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, mkondo mdogo. Ukivua ukingoni, tumia saa mbili za mwisho za kujaa na ile ya kwanza ya kupwa. Maji yakisimama, samaki nao husita.

Hatari iko kwenye kutembea hadi mwambani maji yakiwa yamepwa. Kujaa huchukua saa sita hivi, lakini si kwa mwendo mmoja: saa ya tatu na ya nne pekee hubeba nusu ya maji yote. Siku ya bamvua ni mita moja kwa saa, na mkondo ulio nyuma yako, kati ya mwamba na ufuo, hujaa kabla ya pale uliposimama. Geuka mara tu maji yanapoanza kurudi, hata kama samaki wanakula.

Mshipi wa milimita 0.30 uache nyumbani, matumbawe yataukata. Chukua nailoni ya 0.70 au 0.80, mita 100. Risasi ya gramu 150 ikae chini kabisa, na ndoana sentimita 30 juu yake, kwenye tawi la sentimita 20, ili isilale kwenye mawe. Risasi ifunge kwa kipande cha nailoni nyembamba, 0.40. Ikinasa, kitakatika hicho peke yake na ndoana itarudi na samaki wake. Lowesha fundo kwa mate kabla ya kulikaza. Nailoni ikikazwa kavu hupata joto na kudhoofika. Chambo ni ukanda wa ngisi, urefu wa kidole. Ukimtafuta nguru, weka sentimita 30 za waya mbele ya ndoana, kwa sababu meno yake ni wembe.

Kabla ya kutupa mshipi, uliza kwa sheha (kiongozi wa mtaa huko) au kamati ya wavuvi sehemu zilizofungwa. Mwamba wa Chumbe, kisiwa kidogo karibu na Unguja, kwa mfano, umehifadhiwa tangu 1994.

*Nasikia kuna samaki wa baharini anayeua hata akipikwa. Ni kweli?* — Mama wa Himbi, Goma

Kweli, mama. Ni bunju, yule anayejivimbisha kama mpira akitolewa majini. Sumu yake haitoki kwa moto wala kwa kukaanga. Mrudishe. Tasi ni mtamu kabisa, lakini miiba yake ya mgongoni na tumboni ina sumu: mshike kwa kitambaa. Akikuchoma, tia mkono kwenye maji moto unayoweza kuyavumilia, nusu saa au zaidi.

*Ndoana zangu zilioza usiku mmoja tu Pemba.* — Msomaji wa Kadutu

Chumvi hiyo. Nunua zilizopakwa zinki au bati, zioshe kwa maji ya bomba kila jioni, na mshipi uanike kivulini, jua huuchakaza.