Klabu ya redio chuoni inaingia CQ World Wide? Soma hii kwanza

Kama klabu yenu ya redio za ridhaa hapo chuoni inataka kuingia CQ World Wide mwaka huu, yale mashindano ya dunia ya kuwasiliana na vituo vingi vya nchi mbalimbali, ngoja niwape nilivyoumbuka mimi ili nyie msirudie. Ilikua Oktoba 2024, nasoma Marekani pwani ya mashariki, na kwetu Tanga redio ya masafa mafupi niliyokua naijua ni ile ya babu ya kusikilizia taarifa ya habari tu, sijawahi ona inayorusha. Leseni nilikua nayo ile ya chini kabisa, Technician, maswali 35 ukipata 26 umepita, lakini kwenye klabu ukikaa na mwenye leseni kubwa pembeni yako anayesimamia kituo unashika bendi zote, yaani vipande vya masafa vinavyoitwa kwa urefu wa wimbi, kama mita 40 au mita 20.

Sasa tatizo la kwanza, saa. Mashindano yanaanza saa 0000 UTC (saa ya pamoja ya dunia) Jumamosi na yanaenda saa 48 mfululizo, kwa hiyo kule tulipo inakua Ijumaa saa mbili usiku wakati Bongo watu wamelala saa tisa usiku. Ratiba ya zamu ikabandikwa ukutani, jina langu mbele yake 0600, na mimi na akili yangu ya Kiswahili nikasema aah hiyo ni kumi na mbili asubuhi, nikalala zangu vizuri. Kumbe ratiba ni UTC, yaani natakiwa saa nane usiku! Nafika asubuhi nimeoga nimenukia, namkuta dada mmoja wa mwaka wa tatu bado yuko kwenye mita 40, macho mekundu, kahawa imeganda kwenye kikombe, hata salamu hajaitikia. Masaa manne alinishikia kiti. Kwa hiyo andikeni ratiba kwa saa za aina mbili, ya UTC na ya hapo mlipo, na mwandike usiku au mchana.

Cha pili kagueni antena wiki nzima kabla, sio Ijumaa jioni. Sisi Ijumaa saa kumi SWR ya mita 20 (kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena, nzuri ni karibu na 1) ikaruka juu ya 3, tukapanda paani na tochi, kufungua konekta tu maji yakamwagika mkononi, shaba ndani imeota kutu ya kijani. Mtu aliifunga kwa tepu ya kawaida ya umeme safu moja akaona inatosha. Tulikata kebo, tukachomelea konekta mpya huku upepo unazima moto wa kupashia, tukamaliza zikiwa zimebaki dakika 40.

Halafu kusikiliza, na hapa ndo penyewe. Mgeni msimpe maiki moja kwa moja, mpeni hedifoni ya pili akae saa nzima pembeni ya mzoefu, sikio lizoee ule msongamano maana watu hamsini wanakuita kwa pamoja na wewe unatakiwa umtoe mmoja. Ukisikia "Papa Yankee", yaani herufi P na Y, halafu mlio ukafifia, usijaze mwenyewe herufi zilizobaki, sema tena "Papa Yankee?" akurudie. Kolisaini, yaani jina la kituo la herufi na namba, ukiikosea, pointi za hayo mawasiliano zinafutwa na adhabu juu yake unapewa, bora hata usingeandika kabisa.

Jumamosi saa nne asubuhi nikapewa mita 10, jua mwaka ule lilikua kwenye kilele chake cha shughuli, ndo mita 10 inapofika mbali, na bendi iko wazi kama barabara ya Jumapili. Nazungusha taratibu, mara nasikia "Five Hotel", yaani 5H, mwanzo wa kolisaini za... Tanzania! Moyo ukaruka. Kule kwetu ni saa kumi na moja jioni, nikaona kabisa vibanda vya chai. Nikaita mara sita ndo akanipata, na badala ya kusema 59 05 nikamalize (59 ni ripoti ya usikivu, 05 ni namba ya kanda yetu ya dunia), mi nikaropoka "Shikamoo, habari za nyumbani!" Kimya kidogo, halafu jamaa kwa lafudhi ya Kiitaliano kabisa: "Ah, asante sana! Fifty-nine thirty-seven." Foleni nzima nyuma yangu wakaanza kunipigia kelele na msimamizi akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikampa 59 05 yake nikaondoka. Pointi 3 tulipata, na nchi mpya na kanda mpya kwenye bendi hiyo, ila roho iliniuma kidogo kwamba mgeni ndo ananiitikia kutoka nyumbani.

Chakula, kila mtu anajua mwenyewe, ila piza za jana ziepukeni na maji wekeni mbali na laptopu.

Na logi, ile orodha ya mawasiliano yenu, itumeni mapema. Mnapewa siku 5 baada ya kumaliza. Sisi tulijiachia tukijua mwisho ni Ijumaa saa sita usiku, hadi yule dada wa mita 40 akaniangalia akaniuliza, "Saa sita ya wapi?" Ilikua saa moja na nusu usiku, nusu saa imebaki.