Shangazi, nihamie Arusha au Moshi?

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 27, sijaolewa, sina mtoto, ni mhasibu. Nimezaliwa Iringa, nimesoma Iringa na mpaka leo nakaa kwa wazazi. Mwezi huu nimepata kazi mbili kwa mpigo. Moja ni kampuni ya utalii Arusha, mkononi nitapata 900,000 kwa mwezi. Nyingine ni hospitali binafsi Moshi, mkononi 720,000. Zote zina miezi mitatu ya majaribio na zote zinataka jibu ndani ya wiki mbili. Huko kote sina ndugu.

Dalali wa Arusha amenitumia picha za chumba masta chenye jiko, Njiro, 180,000 kwa mwezi, kodi ya miezi sita. Moshi nimepata chumba na sebule Soweto, 120,000, nayo miezi sita. Rafiki zangu wanasema Moshi kumelala, tena Wachaga wanaoana wenyewe kwa wenyewe, nitazeeka peke yangu. Mama anasema Arusha kuna baridi na vibaka. Kaka anasema nipange Boma Ng'ombe, katikati, nile mshahara wa Arusha kwa gharama za kijijini. Mimi nataka pia kumaliza CPA, ile mitihani ya bodi ya uhasibu. Nifanyeje? Na je, nije na friji na godoro langu au nije mikono mitupu?

Mhasibu wa Iringa

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kikokotoo, maana na mimi nimekula chumvi ya uhasibu miaka zaidi ya ishirini, mingi yake Arusha, tena kwenye utalii huo huo unaokuita. Sasa naishi Moshi. Kwa hiyo usitegemee nitakuwa refa asiye na timu.

Kwanza tumalize la mama. Mtu wa Iringa anaogopaje baridi ya Arusha? Juni na Julai kweli ukungu wa Mlima Meru unashuka mpaka mjini na nguo zinakaa kwenye kamba siku mbili hazijakauka, lakini wewe umekulia kwenye hali hiyo. Kitakachokushangaza wewe ni joto la Moshi. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi iko chini ya mita 1,000, na kuanzia Januari mpaka mvua za Machi utaiangalia theluji ya Kilimanjaro kupitia dirishani huku jasho linakutiririka mgongoni. Vibaka wapo kote. Simu usiitoe stendi.

Sasa la kaka yako. Hilo nimelifanya mwenyewe, kwa miezi minane ya mwaka 2021, naishi Moshi nafanya kazi Arusha. Kwenye ramani ni kama kilomita 80, unasema saa moja tu. Ingia kwenye Coaster uone. Konda anakwambia amebakiza mmoja tu, gari liondoke. Mnaingia wanne, bado mmoja tu. Mkiondoka, kila penye kijiji kuna kibao cha hamsini, na penye kibao kuna trafiki, Kikatiti, Maji ya Chai, Usa River, kote huko mnatambaa. Kuanzia Tengeru njia nne zinawapa nafuu, halafu mnakutana na foleni ya mjini. Boma itakupunguzia kipande cha Moshi, ni kweli, lakini bado utaamka saa kumi na moja na kurudi saa mbili usiku, na CPA utaisomea kwenye bega la abiria mwenzako. Mwambie kaka yako asante.

Tuje kwenye hela. Tofauti ya mishahara ni 180,000. Toa 60,000 ya kodi. Toa nauli ya kifodi, yaani daladala, ya Njiro kwenda na kurudi kila siku, na bodaboda zile siku za kufunga mahesabu ya mwezi mnapotoka ofisini giza limeingia. Mimi naona inabaki 80,000 hivi. Si haba. Ila angalia cha kuanzia: Njiro unatoa 1,080,000 ya miezi sita na 180,000 ya dalali, jumla 1,260,000. Soweto 720,000 na 120,000 ya dalali, jumla 840,000. Na kote huko unalipia miezi sita ya nyumba kwa kazi yenye majaribio ya miezi mitatu! Mhasibu hafanyi hivyo, mwanangu. Mwombe mwenye nyumba miezi mitatu. Wengi wanaanza kwa kukataa, kisha chumba kikikaa wiki mbili bila mtu wanakupigia wenyewe.

Lakini kuna swali hujaniuliza, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote: Aprili na Mei wanalipa shilingi ngapi?

Utalii wa kaskazini una msimu. Wageni wanajaa Juni mpaka Oktoba, wanajaa tena Krismasi mpaka Februari, halafu masika inaingia, barabara za mbugani zinakuwa tope, kambi nyingine zinafungwa. Zipo kampuni zinazolipa mshahara kamili mwaka mzima. Zipo nyingine zinazokupa "likizo" ya masika kwa nusu mshahara, na habari hiyo unaipata Aprili yenyewe. Na hiyo ni miaka ya kawaida. Mwaka 2020 ugonjwa ulipofunga viwanja vya ndege duniani, ofisini kwetu bosi aliniita akaniambia niandike barua za kusimamisha kazi. Niliandika kumi na nne, za madereva, waongozaji, wapishi wa safari, watu niliojua majina ya watoto wao. Nilipomaliza akaniambia iko moja zaidi. Ya kumi na tano niliichapa mwenyewe, jina langu mwenyewe, nikaisaini kupokea. Niliitunza, iko kwenye faili la vyeti.

Nikahamia Moshi kwa sababu kodi ilikuwa imenishinda. Mwaka uliofuata ofisi ilipofufuka wakaniita, ndiyo hiyo miezi minane ya Coaster niliyokusimulia, mpaka nikapata kazi huku huku. Moshi inaishi kwa mambo ambayo hayana masika: hospitali ya KCMC ipo tangu 1971, chuo cha ushirika tangu 1963, na shule na hospitali zilizozunguka hapo. Mgonjwa wa Aprili analipa kama wa Agosti. Mshahara wa Moshi ni mdogo, ndiyo, na unaweza kukaa miaka mitano meza ile ile, bosi yule yule, na kikombe kile kile cha chai.

Nisiinyime Arusha haki yake. Ni mji wa watu waliotoka kwingine. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yapo pale, Mahakama ya Afrika ya haki za binadamu ipo pale, wiki ya mikutano hoteli zinajaa na kazi za uhasibu zinazaana. Ukitaka kupanda cheo haraka, kuhama ofisi moja hadi nyingine kila baada ya miaka miwili, ndiko. Hata hiyo CPA: mitihani ni Mei na Novemba, na ule wa Mei unaangukia wakati ofisi za utalii zimepoa. Nina wenzangu wawili waliomaliza hivyo, wamesoma masika yote kwenye meza za ofisi zisizo na wageni. Novemba vilevile si mbaya. Kwa hiyo masika hiyo hiyo ninayokutisha nayo inaweza kukusaidia, ilimradi mshahara unaingia.

Upweke je? Hapa nitakuambia kilichonipata. Nilipokuwa Sakina, Arusha, mwaka wa kwanza, niliugua homa siku mbili ndani ya chumba. Fensi nzuri, geti zuri, wapangaji sita, hakuna aliyegonga. Si ubaya wao. Kila mtu alitoka alfajiri akarudi usiku, mmoja alikuwa safarini siku kumi. Julai na Agosti marafiki wa ofisi za utalii wanapotea, unakula chipsi peke yako. Wakirudi, mnakwenda Kwa Mrombo kula nyama choma, mnasahau.

Moshi, wiki ya tatu tu tangu nihamie, nilichelewa kutoka asubuhi moja, na mama anayeuza ndizi kona ya kwetu akamtuma mtoto kuja kuuliza kama niko mzima. Nilitokwa na machozi. Mwezi uliofuata mama huyo huyo akaniuliza yule mwanaume aliyeniletea mtungi wa gesi Jumamosi ni nani, mbona alikaa sana. Ni jicho lile lile, mwanangu. Huwezi kuchukua la asubuhi ukakataa la Jumamosi. Kwa msichana anayeondoka kwa wazazi mara ya kwanza akiwa na miaka 27, sijui kama ndilo unalolitaka, au ndilo unalolikimbia. Hilo unalijua wewe.

Na hilo la Wachaga kuoana wenyewe kwa wenyewe, rafiki zako wamepitwa na wakati. Mimi Mnyaturu wa Singida, mkwe wangu Mchaga wa Kibosho, mjukuu anaongea Kiswahili tu. Utakapojisikia mgeni ni Desemba. Kuanzia tarehe 20 wanarudi kutoka Dar na kwingineko, mji unajaa magari, kisha wote wanapanda juu vihambani, kwenye mashamba ya kwao mlimani, na wewe unabaki na mlinzi wa jengo. Akitokea mfanyakazi mwenzako akakualika, usijifanye una aibu. Panda, kunywa mtori, shika mtoto wa mtu.

Jambo moja la Arusha ambalo dalali hatakutumia kwenye picha ni maji. Kuzunguka Meru yapo maeneo yenye floraidi nyingi. Ukienda kuona chumba, uliza maji ni ya bomba au ya kisima, kisha angalia watoto waliokulia pale wakicheka. Meno ya kahawia yanakupa jibu kabla ya mwenye nyumba. Meno yako wewe hayatabadilika, hiyo inawapata watoto meno yakiwa bado yanaumbika, lakini ukinywa miaka mingi mifupa nayo huumia. Kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua na floraidi inabaki. Na magadi wanayolainishia makande nayo yana floraidi, basi kunywa maji salama halafu ukayala kwenye sufuria ni kazi bure.

Sasa uamuzi wangu, kama ungekuwa mwanangu. Leo hii waandikie wale wa Arusha, kwa adabu, waulize kama mkataba unasema mshahara kamili miezi yote kumi na miwili. Wakijibu ndiyo na ikaandikwa, nenda Arusha. Una miaka 27 na hakuna anayekutegemea. 80,000 hizo zitakulipia ada ya CPA. Wakijibu "tutaongea ukifika", nenda Moshi, tena usisikitike. Ukipigwa butwaa na utulivu wake, uwanja wa ndege wa KIA uko njiani, na Arusha haitahama.

Popote utakapoamua, usitume hata shilingi kwa picha. Panda basi Ijumaa, lala lodge usiku mmoja, chumba ukakione mara mbili, mchana na saa mbili usiku. Usiku ndipo utajua kama njia ina taa, kama baa iko nyuma ya dirisha lako, na kama LUKU ni yako peke yako au mnachangia na jirani mwenye pasi na jiko la umeme.

Friji liache kwa mama. Litafika limepinda na nauli yake unanunua kitu kingine. Godoro utalipata huku. Blanketi lako zito la Iringa libebe kama ni Arusha. Kama ni Moshi, liache nalo, na hela ya nauli ya friji weka, utanunua feni.