Bhupen Hazarika, Mwimbaji wa Mto Aliyeshika Kamera

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nimesoma kwamba daraja moja refu sana katika jimbo la Assam, nchini India, limepewa jina la Bhupen Hazarika, aliyekuwa mwimbaji na pia mtengenezaji wa filamu. Naomba unieleze maisha yake, na kwa nini filamu zake nyingi alizitengeneza kwa Kiassam ilhali soko la Kihindi ni kubwa zaidi.

JIBU: Ndugu msomaji, Hazarika alizaliwa tarehe 8 Septemba 1926 huko Sadiya, na daraja unalolitaja, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 9 na lililofunguliwa mwaka 2017, linafika huko huko alikozaliwa. Akiwa bado mtoto aliimba katika Indramalati, filamu ya Kiassam ya mwaka 1939 iliyoongozwa na Jyotiprasad Agarwala. Alisoma sayansi ya siasa Banaras, kisha akaenda Marekani, ambako mwaka 1952 Chuo Kikuu cha Columbia kilimtunuku udaktari kwa utafiti uliohusu matumizi ya sauti na picha katika elimu ya watu wazima.

Kwangu mimi, utafiti huo ndio unaojibu sehemu ya pili ya swali lako. Mtu aliyeamini kwamba wimbo na picha vinaweza kumfikia mwanakijiji asiyejua kusoma hangeweza kuanza kwa kumsemesha mwanakijiji huyo kwa lugha ya wengine. Huko New York alifahamiana na Paul Robeson, mwimbaji Mmarekani mweusi, na wimbo wa Robeson kuhusu mto Mississippi ukamchochea kutunga wake kuhusu Brahmaputra, mto mkuu wa Assam, ambamo anauuliza mto, kwa uchungu usiofichika, unawezaje kutiririka kimya huku watu wa kingo zake mbili wakilia.

Usimulizi wake unaonekana vizuri zaidi katika wimbo uitwao Dola. Wapagazi wamebeba machela ya tajiri wakipanda mlima, na mapigo ya wimbo yanafuata hatua na pumzi zao. Ndani ya machela hariri inametameta, na mmoja wa wapagazi anakumbuka kwamba sikukuu ya Bihu imefika naye hakuweza kumnunulia mwanawe nguo mpya. Machozi yanamlenga, lakini hawezi kuuachia mzigo. Hiyo ni hadithi kamili, yenye wahusika na mgogoro, ndani ya dakika chache tu.

Filamu yake ya kwanza kama mwongozaji, Era Bator Sur, ilitoka mwaka 1956, na baadaye Shakuntala na Pratidhwani zikapata tuzo za kitaifa. Hata hivyo nathubutu kusema kwamba nyimbo zake ni kubwa kuliko filamu zake. Kihindi nacho hakukikwepa: nyingi kati ya nyimbo hizo aliziimba pia kwa Kibengali na Kihindi, na muziki wake wa filamu ya Kihindi Rudaali, ya mwaka 1993, ulimfikisha kwa wasikilizaji wa India nzima.

Aliwahi pia kuwa mbunge wa kujitegemea katika bunge la Assam, kuanzia mwaka 1967 hadi 1972. Alifariki Mumbai tarehe 5 Novemba 2011, na mwaka 2019 India ikamtunuku Bharat Ratna, nishani yake ya juu kabisa kwa raia. Ukitaka kumfahamu, anza na Dola kwa Kiassam, hata kama huelewi neno, ndipo uzitafute filamu.