Maswali ya Wasomaji: Kosa -12 kwenye kumbukumbu ya prosesa saidizi

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Bodi yangu ni STM32MP157. Linux inaendeshwa na Cortex-A7, na programu ya kusoma vihisi iko kwenye prosesa saidizi, Cortex-M4. Nimeongeza bafa za RPMsg (njia ya kutumiana ujumbe kati ya prosesa hizo mbili) kutoka 16 hadi 32 kila upande. Sasa faili la state, linaloonyesha hali ya M4, linasema running, lakini /dev/ttyRPMSG0 haitokei na dmesg (orodha ya ujumbe wa kerneli) inaonyesha kosa -12. RAM bado ni tele. Shida iko wapi? (Msomaji, Arusha)

JIBU: RAM iliyobaki haihusiki. Bafa hizo hutoka kwenye kipande kilichotengwa kwa jina la vdev0buffer. Kisipotosha, kerneli haiendi kuchukua DDR, yaani RAM kuu. Inarudisha -12, yaani kumbukumbu haitoshi. Piga hesabu: bafa moja ni baiti 512. Za kwenda 16 na za kurudi 16 ni baiti 16,384, ndiyo 0x4000 (kwa heksadesimali) iliyomo kwenye mti wa vifaa (device tree, maelezo ya maunzi yanayosomwa na kerneli) wa bodi hizi. Haikubaki nafasi hata ya bafa moja. Kwa 32 kila upande unahitaji 0x8000.

Fungua faili la .dts la mti huo, sehemu ya reserved-memory, nodi ya vdev0buffer, uandike reg = <0x10042000 0x8000>. Kipande kitaishia 0x1004A000, bado ndani ya SRAM3, kumbukumbu ya ndani ya chipu inayokoma 0x10050000. Jina la nodi usiliguse, maana kiendeshi kinaitafuta kwa jina hilo.

Wengi huishia hapo, kisha wanahangaika. Skripti ya linka ya M4 (faili linalopanga anwani za programu yake) nayo imetenga eneo la pamoja kuanzia 0x10040000, kwa kawaida lenye urefu wa 0x8000. Vring mbili (foleni za kupokezana bafa, moja kila upande) zinakula 0x2000, bafa 0x8000, hivyo andika 0xA000. Ukiliacha lilivyo, bafa za kutoka Linux kwenda M4 zinaanzia 0x10046000 na eneo la M4 linakoma 0x10048000. Ujumbe 16 wa kwanza utapita vizuri. Wa 17 utaangukia nje ya eneo hilo. Kosa la namna hii linachosha sana kulitafuta, kwa sababu jaribio fupi halilioni.

Mwisho, soma /sys/kernel/debug/remoteproc/remoteproc0/resource_table kuhakikisha vring zote mbili zinasema 32, na carveout_memories kuona anwani zilizotumika.

SWALI: Nikiwasha M4 napata "bad phdr da" na kosa -22. Faili la ELF, yaani la programu ya M4, ni zima. (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Endesha readelf -l, utazame safu ya PhysAddr. Kila sehemu ya LOAD lazima iangukie kwenye kipande kilichotajwa katika memory-region ya nodi ya M4. Kwa M4, RETRAM (kumbukumbu nyingine ndogo ya ndani ya chipu) iko 0x00000000, ilhali A7 inaiona 0x38000000; tafsiri hiyo ya anwani hutoka kwenye dma-ranges ya mti wa vifaa. Sehemu iliyounganishwa kwa anwani ya DDR isiyotengwa hukataliwa, na ni afadhali, kwani kumbukumbu hiyo tayari ni mali ya Linux.