Klabu ya vijana, farasi na shamba: anzeni na majani, tandiko lije mwisho

Vijana wa Mwakirunge au Mtongwe wakiamua kuanzisha klabu ya kilimo yenye farasi, kitu cha kwanza wanachotafuta ni farasi. Hapo ndipo klabu nyingi huvunjika. Mnyama akiletwa mwezi huu na malisho yakaanza kutafutwa mwezi ujao, atalishwa chochote kitakachopatikana, na hapa Pwani hicho chochote kina madhara yake. Shamba litangulie, mnyama afuate, kupanda mgongoni kuwe jambo la mwisho.

Pigeni hesabu kwanza. Farasi wa kilo 400 hula takriban kilo 8 za nyasi kavu kwa siku, yaani asilimia 2 ya uzito wake. Robota la kilo 15 halimfikishi siku mbili kamili, kwa hivyo kwa mwezi ni marobota 16. Maji ni lita 25 siku ya baridi, na lita 50 au zaidi wakati wa joto la kaskazi. Visima vyetu vingi vina chumvi. Maji yakiwa na chumvi nyingi farasi hunywa pungufu ya haja yake, na asiyekunywa vizuri hupata msokoto wa tumbo. Kama maji matamu mnanunua kwa mtungi, gharama hiyo iingie kwenye bajeti tangu mwanzo.

Nepia ndiyo majani yaliyo karibu, na ndiyo yanayowaponza wengi. Ng'ombe huimudu kwa sababu vijidudu vya tumboni mwake huvunja oksaleti, kemikali iliyomo. Farasi hana msaada huo. Oksaleti hushika kalsiamu ya chakula isiingie mwilini, mwili ukaanza kuichota mifupani. Baada ya miezi kadhaa mifupa ya uso huvimba, na mnyama huchechemea bila kidonda wala mwiba. Mkimwongezea pumba kwa wingi mnazidisha tatizo, maana pumba ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo.

Dawa yake ni nyasi za Rhodes. Zipandeni masika yanapoanza, mwezi wa Aprili. Zitakatwa mara ya kwanza baada ya miezi 3 hadi 4. Zianikeni juani mpaka zikauke sawasawa, kisha mzihifadhi juu ya mbao, mbali na sakafu. Unyevu wa Mombasa huleta ukungu upesi, na nyasi au mahindi yenye ukungu asipewe farasi hata akiwa na njaa. Ongezeni alfalfa kidogo kwa ajili ya kalsiamu, na chumvi gramu 30 kwa siku, karibu vijiko viwili vya chakula.

Pitieni pia ua mzima. Ng'oeni mbarika wote, kwa kuwa mbegu zake huua. Mti wa lusina (Leucaena, si alfalfa) tunaowakatia mbuzi humnyonyoa farasi manyoya ya shingo na mkia. Majani mabichi ya muhogo yana sumu ya sayanidi.

Kisha kuna mchanga. Farasi anayelishwa chini kwenye ardhi yetu humeza mchanga kidogo kidogo, nao hutuama matumboni. Chukueni madonge 6 ya kinyesi kibichi kutoka katikati ya rundo, si yale yaliyogusa ardhi, myatie kwenye chupa ya plastiki inayopitisha mwanga pamoja na lita moja ya maji. Tikiseni, kisha mwache robo saa. Mchanga uliotuama ukizidi kijiko cha chai, badilisheni mahali pa kulishia na mwiteni daktari wa mifugo. Wekeni nyasi ndani ya karai pana au juu ya turubai nzito, na sehemu hiyo ifagiliwe kila asubuhi.

Klabu changa ianze na punda. Ni mnyama tunayemjua, hula kidogo, huvuta mkokoteni wa samadi, na huwafunza vijana kusafisha kwato kila siku kabla hawajakabidhiwa farasi. Kwato zikatwe na fundi kila baada ya wiki 6 hadi 8.

Kwa magonjwa, msibahatishe. Homa ya farasi ya Afrika huenezwa na usubi wanaouma kuanzia magharibi hadi alfajiri, kwa hivyo farasi awe bandani kabla jua halijatua, madirisha yawe na wavu mwembamba, na chanjo apewe na daktari. Anayetoka upande wa Shimba Hills apimwe damu kwanza kwa sababu ya mbung'o, wanaoeneza ugonjwa wa nagana. Chunguzeni pia jasho: farasi wengine, joto la unyevu likiwazidi, huacha kutoa jasho kabisa. Akihema kwa kasi ilhali ngozi ni kavu, mtoeni juani, mmwagieni maji mwili mzima mfululizo, na siku hiyo asipandwe tena.

Kupanda kuwe kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi, au baada ya saa 10 na nusu jioni. Mpandaji pamoja na tandiko wasizidi asilimia 20 ya uzito wa mnyama, na kwa joto letu 15 ni bora zaidi: kilo 60 kwa farasi wa kilo 400. Punda wa kilo 150 ni wa watoto wadogo tu. Kofia ngumu ni lazima, na viatu viwe na kisigino ili mguu usipenye kikuku. Kazeni mkanda wa tumbo kabla ya kupanda, mtembezeni hatua chache, kisha mkaze tena, kwa kuwa farasi wengi hujaza pumzi wakati wa kufungwa na tandiko likapinduka baadaye. Anayejifunza ashikiwe kamba na mtu mmoja, na mwingine atembee ubavuni.

Ufukweni nendeni maji yakipwa, mpite kwenye mchanga mbichi ulioshikana. Mchanga mkavu wenye kina huumiza kano za miguu. Mkirudi, osheni chumvi chini ya mkanda kwa maji matamu, la sivyo patatoka vidonda.

Sasa shamba. Farasi mmoja hutoa karibu kilo 20 za samadi kwa siku, na udongo wetu wa kichanga unaihitaji hasa. Lakini farasi hacheui, kwa hivyo mbegu za magugu hutoka zikiwa hai. Pangeni lundo lenye kimo na upana wa mita moja na nusu, lilowe kiasi cha sifongo iliyokamuliwa, mligeuze kila wiki. Katikati pakifika nyuzi 55 hadi 65, mbegu na mayai ya minyoo hufa. Lisilopata moto ni kavu mno au dogo mno. Baada ya miezi 3 litieni kwenye matuta ya mchicha, kunde na bamia. Mchicha huvunwa baada ya wiki 3 hadi 4, na ndio utakaoleta fedha za kwanza.

Kila mwanachama apate chanjo ya pepopunda kabla ya kushika jembe, maana vijidudu vyake hukaa ndani ya samadi ya farasi.

Siku ya wageni, mzunguko wa dakika 10 mgongoni mwa farasi uanzie na uishie kwenye matuta, na kila mtoto aondoke na mfuko wa mboji na mbegu za mchicha. Mazao yakishakuwa ya kutegemewa, yapelekeni maonyesho ya kilimo ya Mkomani. Farasi mwacheni nyumbani mpaka azoee spika na umati, na mazoezi hayo yafanyike uwanjani kwenu, sauti ikiongezwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa.